Gari la kampuni au posho ya gari? Wasomaji wanauliza, tunajibu

Barua nyingi za mwezi huu zimebeba swali moja kwa sura mbalimbali: mwajiri amesema chagua, upewe gari au upewe pesa ya gari kila mwezi. Tumechagua sita. Bei za mafuta, matairi na magari ni makadirio ya kufanyia hesabu tu, weka za kwako. Viwango vya kodi ni vya kisheria na tumevitaja kama vilivyo.

Kila mtu ananiambia chukua pesa

*Nimepandishwa kuwa meneja mauzo, mshahara wangu ghafi ni 2,800,000. Ofisi inanipa kuchagua: posho ya gari 1,200,000 kwa mwezi, au RAV4 ya cc 1,987 yenye miaka mitatu, pamoja na bima, sevisi, matairi na kadi ya mafuta ya lita 170 kwa mwezi. Kwa mwaka natembea kama kilomita 20,000. Kazini kila mtu ananiambia chukua pesa. Nyie mnasemaje?* (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Kwa kilomita hizo, chukua gari. Wanaokushauri wanaitazama 1,200,000 kama vile yote itaingia mfukoni, na haitaingia.

Anza na posho. Ni pesa taslimu, kwa hiyo inaunganishwa na mshahara. Kwa viwango vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) vilivyoanza Julai 2021, kila shilingi inayozidi 1,000,000 kwa mwezi inakatwa asilimia 30, na mshahara wako umeshavuka hapo, hivyo posho yote inaangukia kwenye asilimia 30. Mwajiri akikata NSSF kwenye mapato ghafi yote, posho ikiwamo, inatoka kwanza asilimia 10, yaani 120,000. Inabaki 1,080,000. Kodi yake ni 324,000. Mkononi unabaki na 756,000. Ile 120,000 haijapotea, ni akiba yako ya uzeeni na mwajiri anaongeza ya kwake, lakini haitanunua mafuta Jumatatu.

Sasa gari. Tanzania haiangalii gari limenunuliwa kwa bei gani. Inaangalia ukubwa wa injini na umri, halafu inakuhesabia kiasi maalumu kwa mwaka kama sehemu ya mapato yako. Gari la chini ya miaka 5: injini isiyozidi cc 1,000 ni shilingi 250,000 kwa mwaka, kuanzia hapo hadi cc 2,000 ni 500,000, hadi cc 3,000 ni 1,000,000, zaidi ya hapo ni 1,500,000. Likipita miaka 5, kila kiwango kinakatwa nusu.

RAV4 yako iko kwenye 500,000. Asilimia 30 yake ni 150,000 kwa mwaka, sawa na 12,500 kwa mwezi. Hayo ndiyo makato yako yote ya kodi kwa sababu ya gari. Soma cc kwenye kadi ya gari, usisome nembo ya nyuma: gari linaloitwa 2.4 kwa kawaida ni cc 2,362 na linaingia kundi la 1,000,000, ilhali dizeli inayoitwa 3.0 kwenye Prado nyingi ni cc 2,982 na bado iko ndani ya kundi hilohilo.

Kwa hiyo ukikataa gari ukachukua posho, unapata 756,000 na unaokoa 12,500 ya kodi. Jumla 768,500. Hiyo ndiyo namba ya kushindanisha na gharama ya kumiliki gari, na gharama yenyewe ni hii, tukichukua gari binafsi la milioni 25:

Mafuta, kilomita 10 kwa lita na lita shilingi 3,000: 6,000,000 kwa mwaka. Bima kubwa, asilimia 3.5 ya thamani, na VAT juu yake: 1,032,500. Sevisi kila kilomita 5,000, mara nne kwa 200,000: 800,000. Matairi manne kwa 1,000,000 yanayokwenda kilomita 40,000: 500,000 kwa mwaka. Matengenezo, yaani breki, shokapu, bushi, betri: 1,200,000. Mwisho kuna kitu ambacho karibu wote hukisahau, kushuka kwa thamani: ukilinunua milioni 25 na kuliuza milioni 15 baada ya miaka minne, umepoteza 2,500,000 kila mwaka hata kama hukuona pesa ikitoka. Jumla ni 12,032,500, au takriban 1,002,700 kwa mwezi.

Unapungukiwa na zaidi ya 234,000 kila mwezi. Na hapo tumekuchukulia kuwa una milioni 25 taslimu. Ukizikopa benki kwa riba ya asilimia 17 ya salio linalopungua, miezi 48, rejesho ni kama 721,000 na riba peke yake ni wastani wa 200,000 kwa mwezi juu ya pengo hilo.

Jibu lingegeuka kama ungekuwa mtu wa ofisini. Chukua mwenzako anayetembea kilomita 8,000 kwa mwaka na anaridhika na gari dogo la milioni 14 linalokwenda kilomita 14 kwa lita. Kwa hesabu ya namna hiyohiyo, ila kwa bei za gari dogo, mafuta ni 1,714,000, bima 578,200, sevisi mbili 300,000, matairi kama 128,000, matengenezo 800,000, na thamani inashuka 1,250,000. Hiyo ni chini kidogo ya 400,000 kwa mwezi, na posho inamwachia kama 370,000 za matumizi mengine. Cheo ni kilekile na posho ni ileile, ila kilomita ndizo zimeamua.

Ukishachukua gari, kagua hati yako ya mshahara ya mwezi wa kwanza. Panapaswa kuonekana 41,667 imeongezwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, bila kuongezwa kwenye pesa unayolipwa. Makosa tunayoyaona mara kwa mara ni mawili: mhasibu anasahau kuiweka kabisa, na ukaguzi ukija deni la miaka linaibuka, au anaweka bei ya gari badala ya kiwango cha sheria, na mfanyakazi anakatwa mara kumi ya anachodaiwa. Jua pia kwamba mwajiri asiyedai punguzo lolote la kodi kwa umiliki, matunzo au uendeshaji wa gari hilo, kiwango hiki hakiwahusu wafanyakazi wake.

Hesabu ya Dar inafaa Nairobi?

*Nalipwa 180,000 kwa mwezi. Mwajiri yuko tayari kuninunulia gari la shilingi 3,200,000 la cc 1,800, au anipe marupurupu ya gari ya 80,000. Rafiki yangu wa Dar anasema gari la kampuni halina kodi ya maana. Ni kweli na huku?* (Msomaji, South B, Nairobi)

Si kweli na huku. Kenya inatumia njia nyingine kabisa. Faida ya gari ni asilimia 2 kwa mwezi ya bei ambayo mwajiri alilinunulia, au kiwango maalumu cha Kamishna wa kodi kulingana na cc, chochote kilicho kikubwa. Kwa saluni ya cc 1,751 hadi 2,000 kiwango cha Kamishna ni 7,200 kwa mwezi. Asilimia 2 ya 3,200,000 ni 64,000. Inachukuliwa 64,000, na kwa bei za magari ya leo hivyo ndivyo inavyokuwa karibu kila mara.

Mshahara wako uko kwenye ngazi ya asilimia 30, inayoishia 500,000 kwa mwezi. Kodi ya gari ni 19,200 kila mwezi. Na sikiliza hili: asilimia 2 inahesabiwa kwenye bei ya mwanzo na haishuki gari linapozeeka. Miezi 50 ikitimia umeshatozwa kodi juu ya bei nzima ya gari, na mwezi wa 51 unaendelea kutozwa kana kwamba limetoka duka jana. Ukirithishwa gari la kampuni lenye miaka sita, uliza lilinunuliwa shilingi ngapi kabla hujashukuru.

Marupurupu sasa. Ni pesa ya kila mwezi, kwa hiyo ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unakata 1,200 na SHIF (mfuko wa bima ya afya) ya asilimia 2.75 inakata 2,200. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo mawili yanaondolewa kabla ya kodi, hivyo PAYE inakuwa asilimia 30 ya 76,600, yaani 22,980. NSSF haiongezeki kwa sababu mshahara wako tayari uko juu ya kikomo chake. Mkononi: 53,620. Ushuru wa nyumba hauligusi gari la kampuni, kwa kuwa unahesabiwa kwenye malipo ya taslimu ya kawaida.

Jumlisha 53,620 na ile 19,200 ambayo hutakatwa. Unapata 72,820. Swali lako basi ni hili: unaweza kuendesha gari lako kwa chini ya 72,820 kwa mwezi?

Kwa gari la 1,800,000 la cc 1,500, kilomita 1,500 kwa mwezi, tunapata hivi: mafuta lita 115 kwa 180, kama 20,700, bima 6,000, sevisi 3,600, matairi 1,350, matengenezo 6,000, kushuka kwa thamani 12,500. Jumla 50,150. Marupurupu yanashinda kwa zaidi ya 22,000. Ukikopa hiyo 1,800,000 kwa asilimia 16 kwa miezi 48, ongeza riba ya wastani wa 13,500. Bado yanashinda kwa kama 9,000.

Lakini kabla hujasaini mkopo, fanya hesabu ya pili, ya pesa inayotoka mfukoni. Rejesho la benki ni kama 51,000. Mafuta, bima, sevisi, matairi na matengenezo ni 37,650. Kila mwezi zinatoka zaidi ya 88,600, na marupurupu yamekuletea 53,620. Hizo 35,000 zinazopelea zitatoka kwenye mshahara wako kwa miaka minne. Mwishoni utabaki na gari lisilo na deni, ndiyo maana hesabu ya kwanza ilikuonyesha faida, ila watu wengi hawaufikii mwisho huo. Wanaanza kuruka sevisi, kisha wanashusha bima hadi ya watu wengine tu, kisha ajali moja inawaacha na mkopo wa gari lisilokuwepo.

Ukichukua marupurupu na kazi inakutuma nje ya ofisi, omba pia ulipwe kwa kilomita za kazi kwa viwango vya AA, chama cha wenye magari. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haitozi kodi marejesho ya namna hiyo, mradi ni safari halisi za kazi na zimeandikwa: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, sababu, usomaji wa mita mwanzo na mwisho. Kiasi kilekile kila mwezi bila kumbukumbu kinageuka kuwa mshahara.

Gari limekodiwa, halijanunuliwa

*Ofisi yetu hukodi magari kwa kampuni nyingine. Langu hulipiwa 95,000 kwa mwezi. Mimi nimeambiwa nitakatwa kodi kwa hiyo 95,000. Na wikendi huwa naliacha ofisini.* (Msomaji, Nyali, Mombasa)

Umeambiwa sawa. Gari la kukodi, faida yako ni gharama ya kukodi. Kwa ngazi ya asilimia 30 hiyo ni 28,500 kwa mwezi. Ila hapo pa wikendi usipaache. Matumizi yako yakiwa na mipaka, Kamishna anaweza kukubali kiwango cha chini kulingana na ushahidi wa matumizi. Ushahidi ni barua ya mwajiri inayosema gari linalala wapi na lini, kitabu cha lindo getini kinachoonyesha saa za kuingia na kutoka, na rekodi ya safari. Wewe mfanyakazi ndiye wa kuthibitisha hilo. Neno la mdomo la meneja halimshawishi mkaguzi.

Wananirudishia mafuta tu

*Ni afisa mikopo. Natumia gari langu kufuata wateja vijijini, kilomita 30,000 kwa mwaka. Ofisi inanirudishia mafuta kwa risiti. Nahisi naumia lakini sijui niombe kiasi gani.* (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

Unaumia, ndugu yetu. Tuchukue gari lilelile la milioni 25. Mafuta ni shilingi 300 kwa kilomita. Sevisi ni 40. Kwenye lami matairi yangekuwa 25 kwa kilomita, lakini kwenye changarawe na mawe seti ya kilomita 40,000 huishia 25,000 hivi, kwa hiyo weka 40. Matengenezo ya barabara mbovu weka 100, kwa sababu bushi za arm, shokapu na wheel bearing havisubiri. Hizo ni 480 ambazo zinaliwa kwa kila kilomita unayotembea. Juu yake kuna bima na kushuka kwa thamani, 3,532,500 kwa mwaka, ambazo ukizigawa kwa kilomita 30,000 ni kama 118. Jumla inakaribia 600.

Kwa hiyo kurudishiwa mafuta peke yake ni kurudishiwa nusu. Tofauti ya 480 na 300 ni 180, na kwa kilomita 30,000 ni 5,400,000 kwa mwaka unazoichangia ofisi kutoka mfukoni mwako. Na humo kushuka kwa thamani hatujakuhesabu, ijapokuwa gari lenye kilomita nyingi hupungua bei haraka zaidi.

Ombi lako liwe la kiwango kwa kilomita, si la kuongezewa posho. Posho ya kudumu itakatwa kodi kama mshahara. Marejesho ya gharama ulizotumia kwa kazi ya mwajiri, yenye kumbukumbu, si mapato yako. Omba 600, na usishuke chini ya 480. Peleka karatasi moja yenye mchanganuo huu pamoja na risiti za kielektroniki (EFD) za miezi mitatu za matairi, sevisi na spea. Weka pia kipengele cha kurekebisha kiwango mafuta yakipanda: EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kila shilingi 100 inayoongezeka kwenye lita ni shilingi 10 kwenye kilomita yako.

Jambo la bima halisubiri majadiliano. Soma stakabadhi ya bima yako leo. Kama imeandikwa matumizi binafsi na wewe uko kwenye safari za ofisi siku nzima, mwambie wakala abadilishe. Kampuni ya bima ikigundua baada ya ajali kwamba gari lilikuwa kazini, ina sababu ya kukataa dai lako, na ofisi itasema gari ni lako.

Barua kutoka Uingereza

*Mwajiri wangu hapa ananipa pauni 500 kwa mwezi za gari au gari la umeme la pauni 36,000. Nalipa kodi ya asilimia 40. Wenzangu wa nyumbani wananiambia magari ya kampuni yana kodi kubwa.* (Msomaji, Reading)

Kwa Uingereza kinachoamua ni moshi. Bei ya orodha ya gari inazidishwa na asilimia inayotegemea hewa ya ukaa linayotoa, kisha unatozwa kodi kwenye kiasi hicho. Gari la umeme mwaka wa kodi 2025/26 ni asilimia 3: 36,000 inakuwa 1,080, na kodi yako ya asilimia 40 ni pauni 432 kwa mwaka, pauni 36 kwa mwezi. Mwaka 2026/27 ni asilimia 4, pauni 48 kwa mwezi. Inapanda polepole hadi asilimia 5 mwaka 2027/28, kisha 7 na 9 miaka miwili inayofuata, kwa hiyo ukisaini mkataba wa miaka minne piga hesabu ya miaka yote minne.

Gari la petroli la bei hiyohiyo lenye kiwango cha asilimia 30 lingekugharimu pauni 360 kwa mwezi. Hapo ndipo sifa mbaya ilipotoka, na kwa magari hayo bado wanasema kweli. Ukipewa na mafuta ya safari binafsi ni mbaya zaidi: mwaka 2025/26 yanahesabiwa kama pauni 28,200 mara asilimia hiyohiyo, yaani pauni 3,384 za kodi kwako kwa mwaka, hata ukijaza tangi mara mbili tu. Umeme hauhesabiwi kama mafuta kwenye kanuni hiyo.

Pauni 500 zako, baada ya kodi ya asilimia 40 na bima ya taifa ya asilimia 2, ni 290. Ongeza 36 unazookoa kwa kiwango cha 2025/26, una 326 za kukodi gari, kulikatia bima na kulitunza. Kwa gari la thamani hiyo hazitoshi. Chukua la umeme, kama una pa kulichaji nyumbani. Ukitegemea chaja za barabarani, ulizia bei ya uniti ya eneo lako kwanza.

Nitasaini nini siku ya kukabidhiwa gari?

*Nakabidhiwa gari la kampuni wiki ijayo, si jipya. Nimepewa fomu ya ukurasa mmoja isemayo nimelipokea "likiwa katika hali nzuri". Niangalie nini? Na mke wangu anaweza kuliendesha?* (Msomaji, Area C, Dodoma)

Usisaini hayo maneno manne. Andika hali yenyewe.

Nenda mchana, gari likiwa limeoshwa na injini ikiwa baridi. Piga picha pande nne, paa, dashibodi ikiwa imewashwa ili mita na taa za tahadhari zionekane, na kila mkwaruzo kwa karibu, simu ikionyesha tarehe. Vuta kijiti cha oili, fungua kifuniko cha rejeta kabla injini haijapata moto: maji yenye rangi ya kutu au utando wa mafuta yaandikwe kwenye fomu hapohapo. Gari likichemsha mwezi ujao, hiyo ndiyo karatasi itakayosema silinda hedi haikuunguzwa na wewe.

Matairi yaangalie kwa subira. Ubavuni tafuta maandishi ya DOT, na mwisho wake kisanduku kidogo cha umbo la yai chenye tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri na bado limekauka; likunje kidogo kwa kidole gumba karibu na rimu, ukiona nyufa nyembamba limekwisha. Angalia na la akiba, maana ndilo huwa la zamani kuliko yote. Kisha hesabu vifaa: jeki, spana ya matairi, pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa zimamoto na tarehe yake. Visipokuwepo na hukuandika, siku ya kurudisha gari utavinunua.

Halafu waombe waandike majibu ya maswali haya, kwenye fomu au kwa barua pepe. Ajali ikitokea, nani analipa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo bima hailipi? Kampuni nyingi humtupia dereva kimyakimya. Dai kuwa utalipa tu pale uzembe wako utakapothibitishwa, na kwa kikomo cha kiasi kilichotajwa. Faini za barabarani ni za dereva, hilo ni haki, lakini faini hutokea kwa namba ya gari, kwa hiyo angalia deni la gari hilo kwenye mfumo wa polisi siku unayolipokea ili usirithi za mwenzako. Gari likiwa gereji siku kumi, unapewa lingine au nauli? Kuna kifaa cha kufuatilia gari, na kinasomwa hata Jumapili? Mafuta yana kikomo cha lita au cha shilingi? Kikomo cha shilingi hukuumiza bei ikipanda.

Mkeo anaweza kuliendesha kwa masharti mawili: bima iwe inaruhusu dereva mwingine mwenye leseni, na mwajiri awe ameruhusu kwa maandishi. Likikosekana moja, asiguse usukani, hata kwenda kununua mkate. Dharura ya usiku ndiyo inayowaponza watu, kwa hiyo iombee ruhusa sasa, kabla haijatokea.

La mwisho ni siku ya kuondoka. Taja kwenye mkataba kama gari unabaki nalo kipindi cha notisi au unalirudisha siku unayoandika barua. Ukirudisha, rudisha kwa fomu ya pili yenye picha na mita kama ya kwanza, isainiwe na aliyelipokea, usiachie funguo kwa mlinzi. Na kama umeahidiwa kuuziwa gari baada ya miaka kadhaa, bei iandikwe kwa kanuni, kwa mfano asilimia fulani ya bei ya kununulia kila mwaka, maana ahadi ya "tutaelewana" huisha siku meneja anapohama. Uliza mapema pia kuhusu kodi: ukiuziwa kwa bei iliyo chini sana ya soko, tofauti hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa mapato yako ya mwezi huo na kukatwa PAYE, na mwezi huo mshahara wako huenda usitoshe kuilipa.